Chembe cha moyo, Ujiji na mswaki wa Daktari Kirk

Najua nimepotea karibu wiki tatu na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimehama mji. Sijahama. Nilikuwa kwetu Ujiji, msibani. Baba Mkubwa alifariki na nilikwenda kuzika, ingawa nilifika wamekwishazika, maana ndugu zetu Waislamu hatuchelewi na mimi nilikuwa Dar.

Nimerudi na jambo moja kichwani ambalo halitaki kutoka, na kama ilivyo kawaida yangu nalitoa hapa. Ni historia ndefu kidogo, kwa hiyo chukua chai.

Naanza na ile asubuhi kama nilivyosimuliwa na Mama Mkubwa. Mzee aliamka alfajiri kuswali, akasema anajisikia vibaya. Akatoka jasho mpaka kanzu ikalowa, na jua halijachomoza. Akashika hapa, kati ya mbavu na kitovu, akasema: "Chembe cha moyo kinaniuma." Moyo ukamchafuka, akatapika kidogo. Mkono wa kushoto ukawa mzito. Wakampeleka zahanati moja ya jirani ambayo sitaitaja. Wakauliza anaumwa nini, akarudia yale yale: chembe cha moyo, na moyo unachafuka. Akaandikiwa dawa ya vidonda vya tumbo, ile ya kutafuna, akarudishwa nyumbani. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekaa barazani, akainama mbele kama mtu anayeokota kitu chini, na hakuinuka tena. Watu wakampepea, wakamwagia maji, wakamsomea. Hakuna aliyegusa kifua chake.

Mtaani wakasema presha. Wengine wakasema mengine, unajua Kigoma.

Sasa, mimi si daktari. Lakini nimeshawahi kuandika habari za afya gazetini, na nilipokuwa nasikiliza yale maelezo pale kwenye mkeka nilihisi kitu kinanibana koo. Jasho la baridi, maumivu ya juu ya tumbo, kichefuchefu, mkono mzito wa kushoto, mwanamume wa miaka 60 na kitu mwenye shinikizo la damu. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa udaktari angesema ni nini. Mzee alikuwa anakufa kwa moyo, na alilisema neno "moyo" mara mbili kwa kinywa chake mwenyewe!

Hapo ndipo lugha yetu inaponichanganya. Kiswahili kimeweka moyo kila mahali isipokuwa pale ulipo. Chembe cha moyo ni pale juu ya tumbo, chini ya mfupa wa kifua. Moyo ukikuchafuka unataka kutapika. Ukisema "ana kifua" watu wanaelewa anakohoa, au wanawaza TB. Na "mshtuko wa moyo", jina tuliloupa ugonjwa wenyewe, linasikika kama mtu aliyepata habari mbaya ghafla. Kwa hiyo kama hakuna aliyekushtua, huwezi kuwa nao. Wakati ukweli wake ni wa kawaida kabisa, kama bomba: mshipa unaolisha msuli wa moyo umeziba kwa donge la damu, na ule msuli unaanza kufa kidogo kidogo, dakika kwa dakika. Ukiziba mshipa wa upande wa chini wa moyo, maumivu mara nyingi yanakuja pale pale kwenye chembe, na kutapika juu. Mganga anayesikia kwa sikio la Kiswahili anaandika vidonda vya tumbo. Siwezi hata kumlaumu sana.

Siku ya tatu, baada ya dua, nilitoka kutembea nikaishia kwenye lile jumba la makumbusho la Livingstone. Mnaijua hadithi, tumekaririshwa tangu darasa la nne: Stanley, mwembe, mwaka 1871, "nadhani wewe ni...". Mimi nimekulia mita chache kutoka pale na nilikuwa nimeichoka kabisa. Lakini safari hii nilikwama kwenye jambo dogo ambalo hatukulikaririshwa.

Livingstone alipofika Ujiji mwishoni mwa Oktoba 1871 akitokea Manyema, alikuwa mgonjwa, mifupa mitupu. Alitegemea atakuta mzigo wake: vitambaa, shanga, mahitaji, alivyotumiwa kutoka Zanzibar. Akakuta mtu aliyekabidhiwa mzigo, Sherif, ameshauuza wote. Ndiyo maana Stanley alimkuta katika hali ile. Na aliyekuwa Zanzibar akishughulikia mizigo hiyo ya kupeleka bara ni Dk. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyekuwa kwenye ubalozi wa Uingereza pale kisiwani tangu 1866. Stanley alimlaumu sana Kirk, wakagombana mpaka magazetini. Ndiye Kirk huyo huyo aliyembana Sultani Barghash mwaka 1873 mpaka soko la watumwa Zanzibar likafungwa.

Ninachotaka kukisema mimi ni cha miaka kumi na kitu kabla ya hapo. Kirk na Livingstone walikuwa pamoja kwenye msafara wa Zambezi, 1858 hadi 1863. Huko, kwenye nchi ambayo leo ni Malawi, waliwakuta wawindaji wanaopaka mishale yao sumu inayoitwa kombe, itokanayo na mbegu za mmea unaotambaa. Mnyama akichomwa haendi mbali. Wawindaji wanakata nyama iliyo karibu na jeraha, wanaitupa, na iliyobaki wanapika wanakula wala hawadhuriki. Kirk akachukua sampuli, na kama mtu yeyote asiye na mpangilio akaitia kwenye mfuko mmoja na mswaki wake.

Asubuhi moja anapiga mswaki, akasikia uchungu mdomoni. Akadhani ni kwinini, maana mpini wa ule mswaki alikuwa akiutumia pia kwa kwinini (sisemi kitu kuhusu usafi wa wapelelezi). Alikuwa na mafua na mapigo yake yalikuwa yanakwenda mbio. Akajipima: mapigo yameshuka. Kesho yake akawa mzima. Livingstone alikiweka kisa hiki kwenye kitabu chao cha msafara kilichotoka 1865, kwa mistari michache tu, kama kichekesho.

Wazungu wa Edinburgh hawakukiona kichekesho. Profesa Thomas Fraser alizichunguza zile mbegu miaka mingi, akatoa ndani yake dutu aliyoiita strofanthini, na mwaka 1885 akawatangazia madaktari wa Uingereza kwamba sumu ya mishale ya Afrika ni dawa ya moyo uliochoka. Mmea ukapewa jina la kisayansi Strophanthus kombe, kwa hiyo angalau neno la wale wawindaji lilibaki. Majina yao wenyewe hayakubaki.

Lakini dawa ya Fraser ya kunywa ilikuwa na tabia ya kusumbua: leo inafanya kazi, kesho haifanyi. Kwa nini? Jibu walikuwa nalo wawindaji tangu zamani. Sumu ikipita tumboni inaingia kidogo sana mwilini, ndiyo maana waliweza kula nyama. Ikiingia kwenye damu moja kwa moja, inaua. (Ya mswaki wa Kirk wataalamu wa dawa wabishane wenyewe, labda ni kinywa, labda yalikuwa ni mafua yaliyokuwa yanaisha.) Mwaka 1905 daktari mmoja Mjerumani, Albert Fraenkel, akiwa Strasbourg, akafanya kile ambacho mshale ulikuwa ukifanya miaka yote: akaiingiza kwenye mshipa, kwa kipimo kidogo sana. Wagonjwa waliokuwa wanazama kwenye maji ya mapafu yao wenyewe, wamekaa kitandani wakitafuta pumzi, wakapata nafuu mbele ya macho yake. Naweza kusema hiyo ni moja ya mara za kwanza katika historia daktari kusimama mbele ya dharura ya moyo akiwa na sindano inayofanya kitu.

1905. Mwaka huo huo, kwenye koloni la Wajerumani hao hao, Majimaji ilikuwa inaanza kule Kusini. Sisi maji hayakuzuia risasi, wao sumu yetu ikawafufulia watu.

Ndugu wa sumu hiyo aitwaye ouabaini (jina la Kisomali hilo, kutoka sumu ya mishale ya Pembe ya Afrika) ndiye aliyemsaidia Jens Skou wa Denmark kuthibitisha pampu ndogo zinazosukuma sodiamu na potasiamu kwenye kuta za seli. Alipewa Nobel kwa hilo mwaka 1997. Strofanthini yenyewe leo imeachwa karibu kila mahali, iko digoksini inayofanana nayo na kuna dawa bora zaidi. Tafadhali asitokee mtu akaenda porini kutafuta kombe, tofauti kati ya dawa na sumu hapo ni ndogo kuliko chembe ya mchele.

Basi mnaweza kudhani kwamba ukanda ulioipa dunia dawa ya moyo ungekuwa wa kwanza kutambua moyo unapougua. Wapi!

Kwa miaka mingi ya ukoloni, madaktari Afrika Mashariki waliamini kwamba Mwafrika haugui mshtuko wa moyo. Hii si porojo ya mtaani, iliandikwa kwenye majarida ya kitaalamu, na kwa wakati wake ilikuwa na ukweli mwingi: kwenye maelfu ya maiti zilizopasuliwa Mulago, Kampala, ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa karibu hauonekani. Mwaka 1956 Hugh Trowell, daktari wa Kiingereza aliyefanya kazi huku tangu 1929, aliandika pamoja na mwenzake Singh kwenye jarida la madaktari la Afrika Mashariki kuhusu mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye ugonjwa huo. Mmoja! Likawa jambo la kuandikiwa makala. Mwaka 1959 Shaper na Jones, pale pale Kampala, wakaonyesha kwamba Waganda na Wahindi wa mji mmoja walitofautiana sana kwa lehemu ya damu kwa sababu ya chakula, siyo kwa sababu ya rangi. Maana yake iko wazi: badilisha chakula na maisha, na ugonjwa utakuja.

Umekuja. Ila wazo la "sisi hatuugui huo" halikuondoka lilipotakiwa kuondoka. Limebaki vichwani mwa wagonjwa na, kwa bahati mbaya, mwa baadhi ya wanaotibu.

Wakati huo huo wenzetu walikuwa wanakimbia. Einthoven wa Uholanzi alikuwa amekwishachora umeme wa moyo kwa mashine yake mwanzoni mwa karne ya 20, zigo la karibu kilo 270, na akapata Nobel 1924. Leo mashine ya ECG inabebwa mkononi. Mwaka 1947 Claude Beck wa Cleveland aliurudisha kwa umeme moyo wa kijana wa miaka 14 aliyekuwa mezani kifua wazi. Mwaka 1956 Paul Zoll akafanya hivyo bila kufungua kifua. Na mwaka 1960 watu watatu wa Johns Hopkins, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, wakaandika jambo ambalo hadi leo naliona la ajabu kuliko mashine zote: kwamba mikono miwili mitupu ikikandamiza kifua cha mtu aliyezimika inaweza kusukuma damu mpaka kwenye ubongo. Miaka michache baadaye, huko Belfast, Frank Pantridge akapakia mashine ya kushtua moyo ya kilo 70 kwenye gari la wagonjwa, kwa hoja rahisi kwamba wengi hufa kabla ya kufika hospitali, basi hospitali iwafuate. Ikafika miaka ya 1970 Wamarekani wameyaweka haya yote kwenye kozi moja, huduma ya juu ya kuokoa maisha, anayofundishwa kila daktari na muuguzi wa dharura.

Kiini cha kozi hiyo, nilivyoelezwa na rafiki yangu muuguzi, ni kujua unapambana na nini. Mtu amezimika, haitiki, hapumui sawasawa: anza kukandamiza kifua, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akileta mashine. Mashine inaonyesha mdundo. Kama moyo unatetemeka ovyo bila kusukuma damu, au unakimbia mbio za kichaa bila mapigo, unapigwa shoti na unaendelea kukandamiza. Kama mstari umenyooka, shoti haina kazi (filamu zinadanganya hapo kila siku). Hapo ni kukandamiza, adrenalini kila dakika 3 hadi 5, na kutafuta kwa haraka kilichosababisha: damu imeisha? hewa? potasiamu? donge kwenye mapafu? Na kwa yule ambaye hajazimika bado, kama Baba Mkubwa alfajiri ile, ni ECG ndani ya dakika 10 za kufika na aspirini ya kutafuna. Aspirini! Utafiti mkubwa wa mwaka 1988 ulioitwa ISIS-2 ulionyesha kwamba kidonge hicho peke yake, kikianza mapema, kinapunguza vifo vya mshtuko wa moyo kwa karibu robo. Halafu kuna dawa ya kuyeyusha donge, au mrija wa kuzibua mshipa, vyote vinashindana na saa.

Huku kwetu tumechelewa lakini si kwamba hakuna kilichofanyika, tuwe waungwana. Idara ya dharura kamili ya kwanza nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huo huo yakaanza mafunzo ya madaktari bingwa wa dharura. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikasimama yenyewe mwaka 2015, Profesa Janabi akiiongoza, na ikapunguza sana misafara ya wagonjwa kwenda India. Sasa hata timu zake zinakwenda mikoani kwa kile wanachokiita tiba mkoba. Na usiku wa 17 Machi 2021, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kifo cha Rais Magufuli, nchi nzima ilisikia maneno "mfumo wa umeme wa moyo". Nakumbuka kesho yake dereva wa daladala alikuwa anamweleza konda kwamba moyo una umeme. Muda mfupi kabla ungemwambia hivyo angekucheka.

Ila utafiti mmoja uliotoka 2020, uliofanyika Kaskazini, Moshi, ulinikatisha tamaa. Watafiti waliwapima kwa makini watu wazima 681 waliofika idara ya dharura na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Waliokutwa na mshtuko wa moyo ni 152. Waliotambuliwa na madaktari waliowahudumia ni wachache mno. Ndani ya siku 30, zaidi ya 40 katika kila 100 ya hao wenye mshtuko walikuwa wamekufa. Na hiyo ni hospitali kubwa, mjini. Sasa nenda zahanati ya mwambao, kule ambako mgonjwa anapakiwa kwenye boti ya injini usiku na kufika Kibirizi asubuhi, akiwa pamoja na dagaa. Kutoka Kigoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli iliyofika pale 1914. Mshipa ulioziba haungoji treni.

Kwa hiyo nilikuwa nafikiria hayo yote chini ya ule mwembe. Na nikakumbuka kwamba hata Livingstone mwenyewe, alipofia Chitambo mwaka 1873, Chuma na Susi na wenzao walimtoa moyo wakauzika pale chini ya mti, halafu mwili wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo. Moyo ukabaki huku.

Usiku kabla sijaondoka tulikaa uani, mimi, Mama Mkubwa na binamu zangu. Mmoja akaniomba niwaonyeshe hiyo ya kukandamiza kifua. Nikachukua mto, nikaupiga magoti, nikaweka viganja kimoja juu ya kingine, nikaanza. Dakika moja tu jasho linanitoka. Binamu akajaribu, akacheka, akaacha kucheka. Mto ulikuwa wa Baba Mkubwa.

Mama Mkubwa alikuwa kimya muda wote. Halafu akauliza: "Kwa hiyo, mwanangu, angepona?"

Nikamwambia, "Sijui, Mama Mkubwa. Kuna wengi hawaponi hata wakiwa Muhimbili. Lakini angepimwa umeme wa moyo. Angepewa aspirini."

"Aspirini hii hii ya kichwa?"

"Hiyo hiyo, Mama."

Akanyanyuka taratibu, akaingia ndani, akarudi na mfuko wa nailoni wa dawa za marehemu, zile za presha. Akaumwaga kwenye mkeka. Kulikuwa na karatasi mbili nzima za aspirini, hazijafunguliwa.